Pua ya Eufrazia

Eufrazia alijua pua yake imekufa siku maharage yalipoungua mbele yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, anachambua mchele, na moshi umeshatanda mpaka kwa jirani. Restituta, jirani yake, akaja mbio akaipua sufuria kwa upindo wa kanga.

"Dada, umelala macho wazi? Nyumba zote hizi zinakohoa!"

Eufrazia akacheka, akasingizia mawazo. Restituta alipoondoka aliiinamia sufuria ile akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Hakusikia kitu. Akamenya kitunguu, akakisogeza puani. Machozi yakamtoka, harufu haikuja.

Alikuwa ametoka kuugua. Homa kali ilimlaza wakati wa mvua, akainuka, akarudi shambani, akadhani yamekwisha. Kumbe homa haikuondoka mikono mitupu. Hata ulimi ulikuwa umezubaa; chakula chote kilikuwa kama majani. Alipofunga safari kwenda Mpanda mjini, daktari alimmulika puani, akamwambia asubiri: wapo ambao hurudiwa na harufu, na wapo ambao ndiyo basi.

Mtu mwingine angevumilia. Lakini huyu ndiye Eufrazia wa pombe nyeusi, na kijiji kizima cha Mamba kilimjua. Pombe ya kawaida kila mama aliiweza: inapikwa, inachachuka, inanyweka, imekwisha. Ya Eufrazia ililala. Alikaanga kimea cha ulezi mpaka kikawa kama mkaa, akakipika pamoja na mahindi, akatia asali ya porini, kisha akaimimina yote kwenye pipa la mbao ambalo bibi yake alipewa na mapadre, enzi hizo likiwa la divai. Kizibo alikizungushia nta. Ilikaa humo tangu watu wapande mpunga mpaka wauvune, na ilipotoka ilikuwa nzito, nyeusi tii, na kali. Kikombe kimoja kilimkalisha mwanaume chini. Waliojua kuionja waliinywa polepole. Kwanza walipata ladha ya ukoko, halafu asali, na mwisho kabisa, ikishateremka kooni, ule mti wa pipa.

Mikono peke yake haikutosha kwa kazi hiyo. Mara kwa mara Eufrazia alitoa kizibo, akanusa, akajua kama iachwe, iongezwe asali, au nta imepasuka na hewa inaingia. Homa ilimkuta pipa limeshajaa. Tangu hapo alikuwa akitoa kizibo na kuinama kama zamani, ili Restituta asishtukie, halafu anakirudisha bila kujua lolote.

Na mwaka huo ndio Zablon alipokuja. Zablon alikuwa na baa yake Kawajense, kule Mpanda mjini, na pombe ile aliionja kwenye harusi.

"Mama Agatha, wageni wanaokwenda mbugani kila siku wananiuliza, hapa kwenu kuna nini ambacho hakipo kwingine? Nikawa sina jibu. Sasa ninalo. Mkimaliza kuvuna nakuja kuonja. Ikiwa kama ile ya harusini, tunatafuta mapipa mengine na wewe unawafundisha akina mama."

Eufrazia aliitikia. Angesema nini? Usiku hakulala. Alimwomba Bikira Maria, akajifukiza majani ya mkaratusi, akavuta pilipili ya unga mpaka akatoka damu puani. Mavuno yakaanza, yakaelekea kwisha.

Mtu mmoja tu alikuwa na pua kama yake: binti yake, Agatha. Tangu utotoni Agatha aliweza kusimama mlangoni na kusema, "Mama, kimea kimezidi moto." Lakini Hilari, baba yake, siku moja alitoka kwenye pipa hilohilo amelewa, akaanguka kifudifudi kwenye mtaro wa shamba la mpunga, na hapo ndipo walipomkuta amekufa. Agatha akaacha kukanyaga kibanda cha pombe. Baadaye aliolewa na Enoka, akaokoka pamoja naye, na akamwahidi Mungu hatagusa pombe maisha yake yote.

Eufrazia alimfuata nyumbani kwake. Baada ya salamu alishindwa kuzunguka.

"Mwanangu, pua yangu haisikii tena. Njoo uninusie pipa."

Agatha aliacha kutwanga. "Mama, unajua unaniomba nini?"

"Sikuambii unywe. Kunusa siyo kunywa. Nikupigie magoti?" Na akaanza kweli kupiga magoti pale uani, mtu mzima, mbele ya kuku. Agatha akamdaka mikono.

Alikuja siku ya pili. Alifunga kitambaa chake vizuri, akaingia kibandani kama mtu anayeingia kaburini. Eufrazia akabandua nta, akatoa kizibo, akachota kikombe. Pombe ilikuwa nyeusi na povu la kahawia, nzuri kwa macho. Agatha akakisogeza kikombe, akafumba macho, akanusa. Akanusa tena.

"Imwage, mama."

"Nini?"

"Imeharibika. Inanuka ukungu. Kama gunia lililolowa, panya wakafia humo. Hewa imeingia siku nyingi."

Eufrazia alimtazama usoni. Angekuwa na pua yake, neno hilo angelipima palepale. Sasa alikuwa kama kipofu anayeambiwa kuna shimo na mtu mwenye sababu ya kumzuia njia.

"Siyo pombe inayosema hivyo," akasema. "Ni wokovu wako. Tangu baba yako afe unalitafuta pipa hili, na leo umelipata."

"Mama!"

"Niambie ukweli, Agatha!"

"Nimekwambia." Agatha aliweka kikombe chini taratibu. "Nimevunja ahadi yangu kwa Mungu kwa ajili yako, halafu unaniita mwongo." Akatoka analia, wala hakuaga.

Alipobaki peke yake Eufrazia alikunywa kikombe kile chote. Ulipita moto kooni, basi. Akachota kingine, akakishikilia mdomoni, akautafuta ukoko, akaitafuta asali, akautafuta mti. Ilikuwa kama kuita ndani ya nyumba iliyohamwa. Angeweza kumwita Restituta aonje, lakini Restituta angejua, na kesho wangejua wote. Akarudisha kizibo, akajiambia Agatha amedanganya. Alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika nyasi.

Zablon alifika na kofia mkononi, mwenye furaha. Eufrazia akamkaribisha kiti, akachota, akainama, akanusa kwa madaha, akatabasamu. "Mwaka huu imekaa sawasawa," akasema. Akampa.

Zablon alimeza kabla hajanusa. Uso ukamkunjamana, akaziba mdomo kwa kofia. Akatoka nje haraka, na Eufrazia akamsikia anatema nyuma ya kibanda. Aliporudi hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mama, wewe umeionja hii?"

Eufrazia akaanza kurudisha kizibo.

"Umeionja ukaniambia ni nzuri?" Akaielewa aibu ile, ingawa nusu tu. "Pole, mama. Labda mwaka mwingine." Na kwa sauti yake wote wawili walijua hakuna mwaka mwingine.

Jioni ile aliling'oa pipa mahali pake, akaliangusha peke yake. Pombe ikatambaa nyeusi mpaka kwenye migomba. Majirani walikuja, wakashika pua zao, wakamtazama yeye asiyeshika yake. Ndipo wote walipojua.

Alikwenda kwa Agatha bado kanga imelowa. "Ulisema kweli. Nisamehe."

Agatha alimkalisha, akamwosha miguu, akamletea uji. "Nimekusamehe, mama. Kwa moyo wangu wote. Lakini usiniite tena kwenye lile pipa. Nilipokinusa kikombe kile nilimnusa baba." Eufrazia aliupokea uji, akaunywa bila kuusikia, na hakubisha.

Miezi ikapita, pua haikurudi. Wengine walimshauri auze mboga. Mpunga ulipopandwa tena alimwita Restituta, akamweleza yote, wakaliosha pipa kwa maji ya moto na kulianika, wakakaanga kimea. Eufrazia akakitia kiganjani kwa jirani yake.

"Nusa. Niambie unasikia nini."

Restituta akanusa. "Kimea."

"Kimea cha namna gani? Kimeungua? Kinakaribia ukoko, au bado mbichi katikati?"

Restituta akanusa tena, akakunja uso kwa bidii, akimhurumia. "Kimea tu, dada."

"Rudia," akasema Eufrazia, na akamshika mkono usishuke.