Wiki ya Migebuka ya Karema

Mama yangu alipoanza kuvimba miguu, mimi tayari nilikuwa msomi. Nilikuwa nimemaliza madarasa ya usiku pale Mpanda, cheti nimekipigilia ukutani kwa misumari sita, na hakuna maandishi yaliyopita mbele yangu salama. Nilisoma magunia, nilisoma mabehewa ya treni, kiberiti nilikisoma pande zote. Mchana niliandika mahudhurio ya wachimbaji mgodini, na nadhani nilikuwa karani mwenye majivuno kuliko wote toka Tabora mpaka Ziwa Tanganyika.

Mama alifika kwa lori kutoka Kasansa, amekalia magunia ya mpunga. Aliposhuka, uso niliutambua, miguu sikuitambua. Ilikuwa mitungi miwili. Akienda hatua kumi anasimama, anahema kama aliyetoka kukimbizwa na nyati.

Nikampeleka kwa daktari, Mgiriki mmoja mfupi mwenye masharubu ambayo ndege angeweza kutagia mayai. Alimsikiliza moyo kwa muda mrefu mno. Kila alipohamisha kile kipimo chake, mimi nilisali Baba Yetu nzima.

"Moyo imechoka," akaniambia. "Dawa kidogo natoa mimi. Dawa kubwa iko jikoni kwako. Wewe najua kusoma?"

Mimi nisijue kusoma!

Akanipa karatasi ya Kiingereza. Ni chakula cha kwao, alisema, walichokula mama yake na bibi yake kando ya Bahari ya Mediterania, na bibi huyo alikufa mzee akiwa bado anapanda ngazi. Maharage, mboga za majani, matunda, nafaka isiyokobolewa, mafuta ya zeituni, samaki mara nyingi, nyama mara moja kwa wiki tena kipande kidogo. Chumvi isiguswe. Na chini kabisa: maji yaliyochemshiwa majani yasimwagwe, ndimo ilimo nguvu.

Nyumbani niliwasomea mama na mke wangu kwa sauti ya padri. Mama aliposikia zeituni na samaki, akakaa wima.

"Kumbe ni chakula cha mitume!"

"Ndicho hasa, mama."

"Basi nitakula. Hata kikiwa kichungu nitakula."

Zeituni Mpanda haipo, nikaweka mafuta ya karanga. Mahali pa ngano nikaweka ulezi wa Mwamkulu. Zabibu nikaweka papai. Samaki ndio hawakunisumbua hata kidogo: wafanyabiashara walileta migebuka kutoka Karema, kule ziwani, imepasuliwa, imetiwa chumvi na kukaushwa mpaka ikawa mbao. Mbichi isingefika Mpanda bila kuoza. Nikachukua daftari, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika wiki nzima. Samaki siku nne. Kopo la chumvi nikalificha darini ili mtu asije akajisahau.

Mke wangu aliishika ile migebuka, akanusa.

"Baba, samaki hawa mie huwa nawaloweka. Namwaga maji, naloweka tena."

"Humwagi kitu. Nguvu imo majini."

"Si umesoma kwamba ni maji ya majani?"

"Wewe umesomea wapi?"

Akaitia migebuka chunguni bila kuiloweka. Neno lile nimelijutia mara elfu kumi, na hapa sitii chumvi.

Kwetu, chungu cha mama mkwe hakionjwi. Mke anapika, anapeleka, anapiga goti, anaondoka. Akionja kwanza, amempa mkwe makombo. Na kwa kuwa samaki walikuwa wa mgonjwa, sisi wengine tulikula mlenda wetu bila kuwagusa.

Jumatano mama alikunywa mtungi mzima wa maji. Alhamisi macho yake yakawa mistari miwili ndani ya uso uliojaa. Ijumaa hakuweza tena kulala. Aliketi ameegemea ukuta, na pumzi yake ilitoa mlio kama wa mtu anayevuta maji kwa mrija. Nilifungua daftari, nikakagua. Kila siku nilikuwa nimeweka alama ya vema. Hapo ndipo hofu iliponishika, kwa sababu kama chakula kilikuwa sahihi, basi mama yangu alikuwa anakufa tu.

Jumamosi asubuhi nilimkalisha kwenye baiskeli ya jirani, nikasukuma, mke wangu akimshikilia huku amebeba chungu cha chakula chake cha siku ile.

"Amekula nini?" daktari akauliza.

Nikamsomea daftari. Sauti ya padri ilikuwa imeniishia njiani.

"Samaki gani?"

Mke wangu akafunua chungu. Daktari akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Nani alionja hii?"

Nikachovya mimi. Ulimi ulijikunja kama kiatu kilichonyeshewa. Kopo lote la darini lisingefikia ukali ule.

Daktari akampiga mama sindano. "Akienda choo ndogo, vizuri," akasema. "Asipoenda…" Akaingia naye ndani bila kumaliza.

Tukakaa kwenye benchi. Ving'ora vya mgodi vikalia, watu wakabadilishana zamu, mimi sijaenda kazini na sikujali. Nilimngoja mke wangu anitukane. Hakunitukana. Alishika tu kanga yake, akaikunja, akaikunjua.

Kwenye saa tisa tukasikia sauti ya mama kutoka ndani.

"Mwanangu, njoo unishike. Nimebanwa."

Mke wangu aliruka. Mpaka jua linatua mama alikuwa ameshikwa kupelekwa chooni mara saba. Mimi nilihesabu kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari. Pumzi yake ikaanza kutulia. Akaniita, nikakaa kitandani kwake.

"Wale samaki," akasema, "nilijua toka Jumatatu. Chumvi ile ilikuwa inanichoma koo."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wewe ndiye umesoma. Nilidhani ndiyo dawa yenyewe."

Nikatoka nje, nikashika ukuta kwa mikono miwili. Migebuka mitatu ilikuwa bado inaning'inia jikoni kwangu. Angeimaliza yote, mpaka miiba, na kila jioni angenishukuru.