Picha ya Mama Kwenye Mdomo wa Ruvu

Mama ndiye aliyetaka kwenda. Tangu azaliwe amekunywa maji ya kijito kinachopita nyuma ya nyumba yetu, milimani juu ya Mkuyuni. Kijito hicho huingia mto Ruvu, naye kwa miaka yake sabini hajawahi kuona unakoishia. Nikasikia kwamba karibu na Bagamoyo, Ruvu unapomwaga maji baharini, kuna kituo cha mazingira ambacho kiingilio chake ni bure. Mimi ni mwalimu mjini Morogoro, na neno bure nalipenda kama walimu wenzangu wote. Nikamwambia ajiandae.

Jumamosi asubuhi tulipanda treni ya umeme. Mama alivaa kitenge ambacho nilidhani anakitunzia harusi. Tulipopita Ngerengere aliniuliza mto uko upande gani, nikamwonyesha wa kulia nikiwa sina hakika sana. Alitazama huko mpaka tukaingia Dar es Salaam.

Huko tukapanda basi la Bagamoyo, na saa saba mchana tulifika kwenye kile kituo cha mazingira. Mwenyeji wetu, Bwana Sefu, mtu wa makamo mwenye kofia ya kazi, alimwamkia Mama shikamoo kwa adabu, akatutembeza kwenye daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko. Alituonyesha kaa wekundu na ndege aina ya heroe waliosimama kwenye tope. Mama aliinama, akachovya kidole majini, akaonja.

"Yametoka kwangu matamu," alisema akicheka. "Huku mmeyatia chumvi!"

Bwana Sefu naye alicheka. Laiti tungerudi nyumbani saa ile ile.

Baada ya daraja tuliingia chumba cha maonyesho. Ukutani palikuwa na bango kubwa: WANAOUA MTO WETU. Chini ya maneno hayo, pichani, alisimama Mama, shoka mkononi, mti mkubwa umelala mbele yake kando ya kijito.

Nilipandwa na hasira. Mti ule ni mkaratusi! Zamani watu wa mradi mmoja wa kupanda miti walileta miche, wakahimiza ipandwe penye chemchemi, na chemchemi ikaanza kukauka, maana mkaratusi hunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Kwetu Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo wanawake wa ukoo wetu wakakaa, wakaamua mikaratusi ikatwe, na Mama akatangulia. Mkuyu wa pale chemchemini, ambao bibi yake alikataza usiguswe, waliuacha. Maji yakarudi. Mpiga picha aliyepita siku ile alikula ndizi zetu, akapiga picha, akashukuru, akaenda zake. Hakuuliza ule ni mti gani. Na mkuyu haumo kwenye picha.

Nilimweleza Bwana Sefu yote hayo, na sikuyaeleza polepole.

"Nakuelewa, dada," alisema. "Lakini mabango yanatoka makao makuu. Mimi siwezi kubandua bila kibali."

"Basi lifunike!"

"Dada, usigombe. Hapa watu wanaingia bure."

Eti bure! Kana kwamba mtu asiyelipa kiingilio hana haki ya kutetea jina la mama yake.

Wakati huo likaingia kundi la wanafunzi. Mwalimu wao aliwasomea bango kwa sauti. Msichana mmoja wa mbele aliitazama picha, akamtazama Mama, akaitazama tena, kisha akarudi nyuma na kumshika mwenzake mkono. Mama aliliona hilo. Alivuta kitenge begani, akatoka nje.

Jioni, ndani ya treni ya kurudi, nilimwahidi nitaandika barua. Aliitikia kwa kichwa. Safari hii hakuuliza mto uko wapi.

Barua niliandika, kisha nikaandika ya pili. Nilijibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Kisiki cha mkaratusi huchipua, na kila kiangazi machipukizi lazima yakatwe. Kiangazi kilipofika wanawake wa ukoo walikuja kumwita Mama kama kawaida.

"Nendeni nyie," aliwaambia. "Mimi nimeshaambiwa naua mto."

Bila yeye hawakwenda. Nilichojifunza katika safari ile ni hiki, na bado kinanichoma: watu wanaweza kuikausha chemchemi wakiwa mbali nayo kabisa, kwa maneno mawili matatu ya ukutani, tena wakajiita walinzi wake.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimia. Machipukizi yamenipita kimo. Ndoo ambayo zamani ilijaa kabla sijamaliza kusalimiana na jirani, safari hii niliikinga pale chemchemini mpaka miguu ikaniuma, na nikaondoka nayo nusu.