Ami Msabaha Aliyegonga kwa Adabu

Pale Barking, mashariki ya London, nyuma ya ghala la mazulia, sasa pamejaa flati zenye vibaraza vya vioo ambavyo hakuna anayevikalia kwa baridi. Ukipita na Ami Msabaha, atakuonesha mapipa ya taka akwambie, "Hapo ndipo nilipopinduliwa mara ya kwanza," kama mtu anayekuonesha nyumba aliyozaliwa.

Palikuwa na uwanja wa mbio za magari ya kugongana. Magari mabovu, yameng'olewa vioo na viti, yakizungushwa na watu wazima wenye wake na akili zao. Ami aliingia humo mwaka 1996, akiwa dereva teksi. Wiki nzima alilipangusa gari la kazi kwa kitambaa laini, na abiria akibamiza mlango, ami ananuna mpaka kesho. Jumapili mchana anavaa helmeti, anakwenda kuvunja jingine. Mkewe, Bi Ummukulthum, hakuwahi kupewa maelezo.

Sasa, ami ni mtoto wa Mkunazini, Unguja, kwenye vichochoro ambavyo ukimkumba mtu unasimama, unaweka mkono kifuani, unamtaka radhi, na kama mamake unamjua unamuulizia na mamake. Tabia hiyo aliingia nayo uwanjani. Anagonga gari, anaachia mafuta, mkono kifuani, anageuka kumtafuta mwenyewe. Kabla hajampata, watatu washamfikia kwa nyuma. Miaka saba hakumaliza hata shindano moja. Waingereza walimpenda mno; walikuwa wakimpangia foleni.

Aliyemtengenezea magari alikuwa Gervais, fundi Mkongo kutoka Bukavu, naye pia mshindani.

"Papa Msabaha, siku ukinigonga, nigonge tu, bana. Usinitolee hotuba."

"Si hotuba. Nakutaka radhi."

"Radhi ya nini? Mimi nimekuja hapa kugongwa."

Mwaka 2003 ikatoka habari kwamba uwanja umeuzwa, zinajengwa flati, na Jumapili inayokuja ndiyo ya mwisho. Ami hakutaka kikombe. Alitaka kitu kimoja tu: apungiwe ile bendera ya mirabaraba wanayopungiwa waliomaliza, na yeye yumo ndani ya gari linalotembea.

Mazoezi yakafanyika jikoni. Bi Ummukulthum anamkumba kwa kiuno, ami apite kimya. Mpaka Ijumaa alikuwa bado anafeli.

"Unanitaka radhi tena?"

"Si nimekukumba."

"Mimi ndiye niliyekukumba, Baba Haifa."

Jumapili ikafika, jukwaa limejaa. Ami akagonga gari la kwanza, na mkono ukaanza kunyanyuka wenyewe. Bi Ummukulthum akasimama. "Mikono kwenye usukani," akasema, kwa sauti iliyomfanya Mwingereza wa mbele yake aweke chipsi chini. Sijui kama ami alisikia, lakini mkono ulirudi. Akagonga la pili. Akagonga la tatu. Mzunguko wa mwisho akamkumba Gervais, gari la Gervais likageuka likatazama lilikotoka, na ami hakusimama. Wallahi hakusimama. Jukwaani tulikumbatiana na watu tusiowajua.

Mara rejeta ikapasuka, mvuke ukatoka kama wa birika, injini ikazima. Gari likajikokota, likasimama. Mstari wa mwisho uko mbele yake urefu wa kitanda, na kushuka kusukuma hairuhusiwi.

Huku nyuma Gervais alikuwa ameshaligeuza gari lake, na miaka saba ya kutakwa radhi haikumwandaa kugongwa bila kutakwa. Akaja mzimamzima. Alimpiga ami kwa nyuma kwa hasira zote za Bukavu, gari likaruka, likauvuka mstari upandeupande, bampa likilifuata peke yake. Bendera ikapungwa.

Gervais akatokea dirishani anahema. "Nilitaka kuvunja gari yako."

"Umelivunja. Ahsante sana, bwana, ahsante." Ami akambusu juu ya helmeti.

Ila Bi Ummukulthum alikuwa amefumba macho tangu Gervais alipokanyaga mafuta. Ami alipoambiwa, akamwendea mwenye bendera, akamwomba apunge tena. Mzee wa watu akalitazama gari lililokufa, akamtazama mwanamke mwenye buibui anayeshuka ngazi za jukwaa mbilimbili, akapunga mpaka mkono ukamchoka.