Jina la Gesti

Gesti ina vyumba sita, iko Ibighi, hapa Tukuyu, na kibao chake kina jina la baba mkwe wangu kwa herufi nyekundu. Kila asubuhi ni mimi ninayekifuta ukungu wa mvua, lakini jina lililoandikwa pale sijawahi kulitamka. Kwetu mkamwana hamtaji mkwe wake. Wala hakutani naye uso kwa uso. Mzee akikohoa njiani, wewe unapotelea migombani. Siku hizi wengi wameyaacha hayo. Mama mkwe wangu hayumo katika hao wengi.

Wageni walianza kupungua. Wageni wa sasa hawaulizi mtu stendi, wanashuka na simu mkononi, na simu imekwisha kuwaambia walale wapi. Haikuwa ikiwaambia walale kwetu. Mnunuzi mmoja wa parachichi akaona nafasi, akaomba akodishiwe gesti nzima iwe ghala la kreti zake. Baba mkwe akamjibu kwamba atasubiri msimu uishe ndipo aamue.

Nilielewa maana yake. Gesti ikifungwa, mimi narudi Kisondela, kwenye mji wa wakwe, kuishi nyuma ya migomba kuanzia asubuhi hadi jioni. Ibighi nilikuwa na jiko langu, na simu ya kupangusa aliyoniachia mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani huja kama mgeni.

Kijana wa steshenari ya karibu na stendi akasema tatizo ni dogo, atatutengenezea tovuti.

"Wewe niletee maneno na picha tu, dada."

Elimu yangu ni ya darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Maneno yale yalinichukua wiki mbili. Nilieleza maji ya moto, mashuka, ndizi za asubuhi, na jinsi Mlima Rungwe unavyoonekana siku unapoamua kuonekana. Kijana akayabandika kama nilivyompa, juu kabisa akaweka "Karibuni Wageni." Nikajiona mtu.

Mwezi ukapita bila mtu kupiga simu. Kisha akaja mgeni mmoja, amelowa mpaka soksi.

"Nimeitafuta gesti hii mtandaoni kwa jina lake kamili," akasema. "Nimeletewa mtu wa Kyela anauza mchele."

Nikarudi steshenari. Kijana akasoma ukurasa wetu, safari hii kwa makini, akakuna kichwa.

"Dada, jina la gesti liko wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa kwanza kwa kidole.

"Naona 'kwa mzee wetu.' Naona 'yeye mwenyewe.' Hapa umeandika 'yule ambaye kibao chake kiko barabarani.' Sasa mtandao utamjuaje mzee wenu? Kila mtu ana mzee wake!"

"Kibao si umekiona," nikasema chini chini.

"Mimi nimekiona. Mashine haipiti Ibighi."

Familia yake ilitoka pwani, na kwao mkwe hutajwa bila mtu kukimbilia migombani. Akanieleza kwamba mashine inayotafuta haioni picha, inasoma tu. Jina la gesti na jina la mji lazima yawe juu, yawe kwenye mistari ya kwanza, yawe hata chini ya kila picha.

"Basi andika wewe," nikamwambia. "Mimi nitatazama ukutani."

Nikatazama ukutani. Kijana hakuwa mchoyo. Chumba cha fulani, Tukuyu. Kitanda cha fulani, Tukuyu. Bafu la fulani, Tukuyu. Na mwisho kabisa yakabaki maneno niliyoyaomba mwenyewe siku nilipojiona mtu: "Imeandikwa na mkamwana wa nyumba hii."

Baada ya wiki chache tukaanza kuonekana. Walikuja mafundi wawili wa mashine za kiwanda cha chai, halafu familia iliyokuwa inakwenda kuona ziwa la kreta. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya akamsomea mama mkwe wangu ukurasa wote, neno kwa neno. Kabla ya chakula cha mchana mama mkwe alikuwa ameshuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu.

"Gwe! Umemtaja mkwe wako mara kumi na tisa! Na bafu!"

"Si mimi, mama. Ni kijana wa steshenari."

"Kijana wa steshenari ndiye mkamwana wangu? Lifutwe leo hii."

Sijawahi kumjibu mkubwa. Siku ile nilizikumbuka zile kreti, nikajibu. "Mama, likifutwa, wageni hawatatuona tena."

Nje mtu akakohoa. Nikaingia nyuma ya mlango wa jiko. Baba mkwe alikuwa amekuja kwa bodaboda ya pili. Akakaa kwenye benchi.

"Ile gesti ya ng'ambo ya barabara," akamwuliza mkewe, "mwenyewe ametajwa mara ngapi?"

Mama mkwe hakujua. Nikaiambia sufuria, kwa sauti ya kutosha, "Mara nne."

"Nne," baba mkwe akasema, kama vile hakusikia kwa mtu. "Basi lisifutwe. Ila yule mtoto wa jikoni asiliandike kwa mkono wake. Heshima ni heshima."

"Na bafu?" akauliza mama mkwe.

Mzee akafikiri. "Bafu liondolewe."

Kreti za parachichi zilipata ghala Kyimo. Mimi bado naandika habari za gesti, taratibu, siku hizi nazibandika mwenyewe kwa simu, na kila panapohitaji jina naweka nukta tano. Jumamosi kijana anakuja kuzijaza. Juzi alichelewa siku tatu, na mgeni akapiga simu kutoka stendi.

"Dada, nasoma hapa kuna nukta tupu. Hiyo gesti ni ya nani?"

"Ni hii hii," nikamwambia. "Panda na barabara. Kibao utakiona."