Shokapu za Pikapu Yetu

Mume wangu alipofariki, alituachia pikapu iliyokuwa ikibeba ndizi zetu kutoka Mugoma. Barabara mbovu ilikuwa imeshaua shokapu za mbele, gari likawa linadundadunda kwenye kila shimo. Kaka yake akaja kuichukua, akisema mwanamke hawezi kutunza gari.

"Shemeji, gari haliondoki hapa," nikamwambia. "Shokapu nitazifungua mwenyewe, nifunge mpya."

Akavuta kiti, akaketi uani anione nikishindwa. Nikainua gari kwa jeki, nikaweka magogo chini yake, nikatoa tairi. Nati ya chini nilipoimwagia dizeli ililegea. Ya juu ikawa inazunguka pamoja na shokapu yenyewe, haifunguki.

"Ita fundi," akasema.

Niliibana ncha ya shokapu kwa plaizi, nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikavuta kwa uzito wangu wote. Nati ikaachia, nami nikaanguka chali.

Nikainuka, nikaitoa ile shokapu, nikaiweka miguuni pake. "Imebaki ya upande wa pili. Kama unaendelea kukaa, nishikie plaizi."

Akavua koti, akaishika plaizi. Jioni aliondoka kwa baiskeli yake, mikono imejaa grisi, na habari ya kuchukua gari hakuigusa tena.