Kisu Ndani ya Ala ya Ngozi

Saa tatu asubuhi Gundi alikivuta kisu kutoka kwenye ala yake ya ngozi, kikakataa. Akavuta tena kwa nguvu. Kilipochomoka kilitoka na unga mwekundu uliommwagikia mapajani, akabaki akiuangalia mdomo wazi. Ilikuwa kutu.

"Mama yangu wee!" akasema. "Nimekwisha."

Fundi cherehani, ambaye walikodi naye chumba kimoja kinachotazama barabara ya maduka, akasimamisha mguu kwenye pedali. "Kuna nini tena, shoga?"

Saa tano mjomba wake alikuwa anakuja kukishika kisu hicho.

Huyu Gundi ni fundi viatu, na jina hilo alipewa na wateja, nusu kwa sababu ya vidole vyake vinavyonata, nusu kwa sababu akishika kiatu habanduki mpaka kiishe. Kila anachokijua alifundishwa na mjomba wake, kaka wa mama yake: kukata soli, kushona kwa sindano mbili, na kumtukana mteja msumbufu kimoyomoyo huku unamchekea. Mzee alipopofuka, watu wote walidhani vitu vyake vitakwenda kwa mwanawe wa kiume. Wapi! Alimwita mpwa wake, akamwekea kiganjani kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, ambacho naye alipewa na baba yake, akasema, "Kitunze." Basi, neno moja tu.

Na Gundi alikitunza, jamani! Nani angekitunza zaidi? Alikitumia miaka minne, ikaja siku mteja mmoja akataka kuondoka nacho kwenye mfuko wa viatu, ati bahati mbaya. Gundi hakulala vizuri wiki nzima. Akachagua kipande cha ngozi kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akashona ala, akakifungia humo, akakiweka ndani ya sanduku la nguo chini ya kitanda. Kilikaa huko miezi saba, huku yeye akikata soli kwa kisu cha mpini wa plastiki.

Hicho cha plastiki ndicho alichokiona binamu yake, yaani huyo mtoto wa kiume wa mzee. Ukoo mzima wanamwita Redio, na hawakumwonea. "Dada, kile cha baba kiko wapi?" aliuliza wiki iliyopita. Akajibiwa kiko nyumbani. "Nyumbani wapi?" Jioni ile ile shangazi, majirani na mwenye duka la mkaa walikuwa wanajua kwamba Gundi amepoteza kisu cha mzee. Kesho yake mjomba akatuma maneno: "Jumamosi saa tano nakuja nikishike. Kama umekipoteza niambie. Lakini ukinipa kingine ukidhani kipofu hajui, usiniite mjomba tena."

Gundi hakuwa na wasiwasi hata kidogo alipoyapokea maneno hayo. Wasiwasi wa nini, na kisu kipo? Ndiyo maana hakukitazama mpaka asubuhi hiyo, dukani, saa mbili kabla ya mzee kufika. Ama kweli alijiamini!

Kisu hakikufunguka. Akakidondoshea mafuta ya taa pale kinapokunjia, akasubiri, akajaribu kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Akaomba mafuta ya cherehani, akadondosha tena. Saa nne kasoro bapa likatoka likilia, limevaa kahawia kutoka ncha hadi kitako.

"Piga msasa, mwenzangu," fundi cherehani akasema. "Dakika tano tu kitang'aa kama kijiko."

"Msasa utakula alama."

"Alama gani?"

"Vitone vitatu vilivyobonyea, hapa karibu na mpini. Mjomba anakijua kwa hivyo. Anasema ni alama ya kiwanda, visu vya kuiga havina."

Basi akafanya kazi ya kitambaa na mswaki wa zamani. Mafuta ya taa, futa. Mafuta ya taa, futa. Mteja akaja kuulizia viatu vyake vya harusi, akafukuzwa kwa adabu kidogo sana. Mikono ilimuuma, jasho likamwingia machoni, na kila akitazama saa ya ukutani aliona kama kuna mtu anaisukuma. Saa nne na nusu chuma kilianza kuonekana. Akalisogeza bapa kwenye mwanga wa mlango, akatafuta vile vitone.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Cha nne. Cha tano.

Akavihesabu mara mbili. Vilikuwa saba. Kutu ilikuwa imetoboa vyake yenyewe, pale pale. Kisu kilikuwa kile kile, lakini mzee angepitisha kidole na kusema sicho. Na angesema mbele ya Redio.

"Mwambie kimeibiwa," fundi cherehani akanong'ona. "Wezi wapo, nani atabisha?"

Gundi alikuwa na wazo baya zaidi. Akachukua gundi, akaichanganya na unga wa chuma uliobaki kwenye tupa, akachovya njiti ya kiberiti. Avizibe vinne tu, mzee apapase juu, mambo yaishe. Akaisogeza njiti. Mkono ukasimama hewani. Lakini vipi kati ya saba ndivyo vya zamani? Miaka yote alikuwa akimwona mjomba anavipapasa; yeye mwenyewe hakuwahi kuvitazama sawasawa.

Fimbo ikagonga kizingiti. Gundi akaitupa njiti chini ya meza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Nipe kiti. Nipe na kisu."

Redio alisimama nyuma ya baba yake, mikono mfukoni, akinusa. "Hapa pananuka mafuta ya taa. Dada, ulikuwa unapika?"

"Wewe nyamaza," mzee akasema.

Gundi akamwekea kisu kiganjani. Mzee akakipima uzito, akakifungua, akakisikiliza. Akapapasa pembe ya mpini. Kisha kidole gumba kikateremka kwenye bapa, kikafika karibu na mpini, kikasimama. Kikarudi. Kikapita tena polepole.

"Sicho, eh?" Redio akauliza. "Si niliwaambia?"

Mzee akamgeukia Gundi. "Ulikuwa unakiweka wapi?"

Uongo ulikuwa umeshafika ulimini. Gundi akaumeza. "Kwenye ala, mjomba. Niliishona mwenyewe, kwa ngozi nzuri. Nikakificha miezi saba kisipotee. Nimefungua leo nikakuta kutu. Nimekiharibu. Kichukue, umpe binamu. Lakini ni chenyewe, haki ya Mungu."

"Nipe hiyo ala."

Akaipokea, akafuata mshono kwa ukucha toka juu hadi chini, akailamba ukingoni kama mtu anayeonja mchuzi. "Sindano mbili. Mshono mzuri. Na ngozi ina chumvi ya kukaushia, nayo inanywa unyevu wa sanduku. Nani alikufundisha kukivalisha kisu ngozi?"

"Hakuna. Nilikipenda tu."

Mzee akaanza kutikisika mabega, na iliwachukua wote muda kuelewa kwamba anacheka. "Hata mimi," akasema. "Baba aliponipa, nilishona ala ya namna hii hii. Nikakificha mwaka mzima, kutu ikakitoboa. Kila akiniuliza nasema nakitumia, baba, kila siku. Akafa sijamwambia. Watu wakiuliza vishimo nikasema ni alama ya kiwanda. Kiwanda gani! Aibu tupu."

Redio akatazama barabarani, kama anayetafuta wa kumpelekea taarifa hiyo.

Mzee akaushika mkono wa Gundi, akakibandika kidole gumba cha mpwa wake kwenye chuma. "Hivi vitatu vyenye kingo laini ni vyangu. Hivi vinne vinavyokwaruza ni vyako. Umesikia? Sasa ni chetu." Kisha akanyoosha mguu. "Soli ya kushoto imefumuka. Nikatie nyingine, kwa hicho hicho. Kisu kinatunzwa kazini."

Gundi akainama juu ya soli, akakata, na machozi aliyoyazuia tangu saa tatu yakaanza kumdondoka moja kwa moja kwenye bapa. Mzee akayasikia.

"Futa kisu kwanza, mama," akasema. "Hayo nayo yana chumvi."