Muuza Samaki wa Konani

Mwaka 1928 Kamati ya Maonyesho ya Vuli mjini Oslo ilitangaza rasmi kwamba kila picha ingetazamwa kama ilivyo, bila upendeleo. Saini zingezibwa kwa karatasi kwenye kona ya chini, kulia, mahali ambapo kila mchoraji mwenye akili timamu huweka jina lake.

Gudveig Haslum alipeleka picha ya gati. Akikataliwa tena, angekwenda kuchora lebo za makopo ya dagaa kwenye kiwanda cha mjomba wake. Alimwandikia shoga yake Torborg, mchoraji aliyehamia Paris: "Gati nimeliacha tupu makusudi, ili jicho liende kwa yule mama muuza samaki pale konani."

"Wakikukataa njoo huku," Torborg alijibu. "Na sisi tunakataliwa, ila mvinyo ni rahisi."

Wiki nzima Gudveig alipanda na kushuka ngazi kuchungulia sanduku la barua, mpaka mwenye nyumba, Bi Aslaug, akachoka.

"We binti, ngazi zangu zimekukosea nini?"

"Nanyoosha miguu tu, mama."

"Basi kainyooshee nje."

Ijumaa picha ilirudi, na maelezo juu yake: gati limechorwa vizuri, lakini hakuna cha kutazama.

Barua ya kumkubalia mjomba ilikwisha kutumwa Gudveig alipoifungua picha. Karatasi ya kamati ilikuwa bado imebandikwa konani, ikimfunika muuza samaki mzima mzima. Saini ilikuwa nyuma ya turubai, anapoiweka siku zote.